Nailoni Juu ya Kengele ya Gesi

KAMATI YA WAZAZI, KITUO CHA KULEA WATOTO, REBERO
Kikao cha Jumamosi, 27 Septemba 2025, jikoni kituoni, baada ya umuganda (kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi)

Waliohudhuria:
Bw. Gasana – Mwenyekiti
Bi. Christella – Katibu
Bi. Daphrose – mjumbe, mpishi
Bw. Clovis – mjumbe, fundi umeme
Mwalikwa: Mzee Ndihokubwayo – mlinzi
Hakuhudhuria: Bi. Kabagwira (amejifungua binti huko Kanombe, tunamshukuru Mungu)

KUMB. NA. 1/9/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 5:15 asubuhi, akawashukuru wajumbe kwa kuja na majembe bado mkononi.

KUMB. NA. 2/9/2025: KENGELE YA GESI
Katibu alisoma taarifa. Tarehe 15 mlinzi aliipulizia kengele ya jikoni, inayopaswa kulia gesi ikivuja, gesi kutoka kiberiti cha gesi, bila kukiwasha. Haikulia, ingawa taa yake ya kijani ilikuwa inawaka. Aliondoa nailoni ya kiwandani iliyokuwa bado imeifunika, akarudia, ikalia. Kesho yake Mwenyekiti alimwandikia barua ya kumsimamisha kazi kwa kuchezea mali ya kituo. Tarehe 24 mpira wa gesi ulipasuka. Kengele ililia, Bi. Daphrose akafunga mtungi na kutoa nje watoto kumi na wanne, wa Katibu akiwemo.

Mwenyekiti alieleza kwamba nailoni iliachwa ili kifaa kisichakae, na kwamba taa kila mtu aliiona. Bi. Daphrose alisema yeye ndiye alikuwa akiifuta nailoni hiyo kila Ijumaa, mwaka mzima, hadi inang'aa. Wajumbe walicheka.

Bw. Clovis alifafanua kwamba taa inaonyesha umeme umefika, basi. Mlinzi alipoulizwa alijibu: "Mimi sikuharibu kitu. Niliuliza kengele kama iko hai."

Kamati ilimshukuru, wote wakiwa wamesimama.

KUMB. NA. 3/9/2025: RATIBA YA UKAGUZI
Mwenyekiti alipendekeza fundi aje kila wiki. Bw. Clovis alisema kituo hakina uwezo huo. Na kwamba akija mara moja kwa mwaka, kengele ikifa Januari watoto watalala wakiitegemea hadi Desemba bila mtu kujua.

Ilikubaliwa kengele ipimwe kwa gesi ya kiberiti kisichowashwa kila siku ya umuganda, kwa kuwa wazazi wote wapo na haigharimu kitu. Fundi ataitwa mara mbili kwa mwaka kwa ajili ya mpira na mtungi. Mpimaji atabadilika kila mwezi, na hatasaini daftari la ukaguzi asiposikia mlio.

Mwenyekiti aliuliza kama yeye haaminiki. Katibu alijibu kwamba hapo haaminiki mtu, hata Katibu, maana kuna siku anachoka hadi anavaa kitenge ndani nje.

KUMB. NA. 4/9/2025: BARUA YA MLINZI
Mwenyekiti aliifuta barua na kuomba radhi. Mlinzi alishukuru, ila akasema: "Barua aliisoma mama watoto. Siku kumi na moja ananiangalia kama mwizi. Muende mumwambie ninyi."

Mwenyekiti alisema atakwenda wiki ijayo. Katibu alimwomba aende leo. Mwenyekiti alisema sawa, leo.

KUMB. NA. 5/9/2025: KUFUNGA
Kikao hufungwa kwa sala. Mwenyekiti alisema sala ya leo itasaliwa nyumbani kwa Mzee Ndihokubwayo, mbele ya mkewe. Wajumbe walitoka pamoja saa 6:40 mchana, Mwenyekiti akiwa mbele.

Gasana, Mwenyekiti ....................
Christella, Katibu ....................