Msinifungulie Mlango

Gereza, Songea
7 Februari 1993

Mwanangu Fortunata,

Pokea salamu za mama yako. Hamjambo hapo Mjimwema? Mguu wa mdogo wako Anord umepona? Mimi sijambo, ila mwili bado unadai pombe. Barua hii naiandika kwa vituo.

Wamenifunga miezi sita. Hakimu alinikataza nisikanyage kwa baba yenu mpaka niache pombe, nami nikakanyaga. Ilikuwa kipaimara cha Rupert, mwanangu wa kumzaa! Nilitaka nimwone tu kutoka nje ya ua. Nikapitia kwanza kwenye kilabu cha pombe ya ulanzi nipate moyo. Yaliyofuata siyakumbuki.

Mwambie baba yako, kwa kuniitia polisi mbele ya wageni hakunitendea haki.

Mama yako,
Brigita

Mjimwema
21 Machi 1993

Mama,

Shikamoo. Sisi tu wazima. Nisamehe kwa kukawia. Barua hii nimeichana mara tatu.

Siyo baba. Baba alikuwa amekaa chini analia. Ni mimi niliyekimbilia kituoni, pekupeku. Ulimbeba Anord ukawa unacheza naye ngoma jikoni, karibu na sufuria linalochemka, palepale ulipommwagia chai ya moto mguuni mwaka jana. Nikakuambia, "Mama, nipe mtoto." Ukasema, "Huyu ni wangu, si wa mahakama."

Mguu umepona, lakini anachechemea.

Kama umenikasirikia, ni haki yako.

Mwanao,
Fortunata

Mshangano
20 Juni 1993

Mwanangu,

Habari za siku nyingi? Baba yako na wadogo zako hawajambo? Mimi nimetoka kabla ya muda kwa tabia njema, nipo kwa mjomba wako Otto, namsaidia kuvuna mahindi.

Barua yako sikuijibu kwa aibu, si kwa hasira. Kumlinda Anord ilikuwa kazi yangu. Ukaifanya wewe.

Tangu Februari sijaonja. Muulize baba yako kama atakubali hakimu aifute ile amri. Sidai ndoa. Nataka kumwogesha Anord tu.

Mama yako

Mjimwema
4 Julai 1993

Mama,

Shikamoo. Mjomba hajambo? Huku tuna furaha. Baba amekubali! Tumekwenda wote mahakamani. Hakimu anataka akuone mwenyewe, Jumanne tarehe 20, saa tatu asubuhi.

Nimemweleza Anord. Aliuliza, "Siku hizi mama hanuki?" Nikamwambia hanuki.

Njoo mapema, mama.

Mwanao,
Fortunata

Gereza, Songea
15 Agosti 1993

Mwanangu Fortunata,

Salamu kwako. Kuhusu afya yangu usiulize.

Otto ameniambia mlinisubiri mahakamani mpaka saa nane. Asubuhi ile nilioga, nikavaa vizuri. Alinisindikiza hadi njia panda, akasema, "Dada, nikufikishe?" Nikamwambia, "Rudi shambani, mimi si mtoto."

Hakuna aliyenilazimisha. Wala sikuwa na huzuni. Nilikuwa na furaha, na furaha hiyo ikaniogopesha. Nikasema kikombe kimoja, nitulie.

Jioni nikaja kwenu kuomba msamaha, nikavunja mlango. Anord alijificha chini ya kitanda. Hilo nalikumbuka. Laiti na hilo ningelisahau.

Safari hii ni mwaka mzima. Usije kunitazama, wala usiende tena kwa hakimu kuniombea. Amri iacheni kama ilivyo.

Nikitoka nitakuja, najijua. Nitalia, nitawaita kwa majina, nitaapa kwamba nimeacha.

Msinifungulie.

Mama yako