Nilivyomzika Mtani Wangu, Mwalimu Gama

Mjimwema, Songea

Mama yangu,

Shikamoo. Assalamu alaykum wewe na wote mlio hapo uani. Mguu unaendeleaje? Rashidi aliniambia sasa unafika shambani bila fimbo, lakini mdogo wangu huyo namjua, anapenda kunipa habari tamu tu. Mikorosho imeanza kutoa maua? Na salfa ya kuipulizia mmepata, au bado mnazungushwa? Mimi mwili ni mzima, hata kikohozi cha baridi ya huku kimeniacha. Moyo ndio haujakaa sawa, na ndiyo maana nimeamua kuandika. Simu ya Rashidi inakatika kila nikifikia neno la maana. Basi Rashidi, msomee mama polepole, na usiruke mahali.

Najua umenuna. Ulimchinja jogoo, ukatandika kitanda changu, ukakaa barazani, na basi likafika bila mimi. Kisha nikakutumia ujumbe wa maneno mawili, "nimepata msiba," nikazima simu. Nisamehe mama. Sikuwa na mdomo wa kuongea.

Mwalimu Gama amefariki. Yule Mngoni wangu, ambaye kila nikija likizo nilikuwa nakuhadithia vijembe vyake mpaka unashika mbavu. Innalillahi wainna ilayhi rajiun. Hata sasa nikiandika jina lake mkono unataka kumwongezea kijembe.

Yeye ndiye alikuwa mwalimu wa michezo na ngoma hapa shuleni kwetu, na alikuwepo kabla ya mti wowote unaouona pale uwanjani. Alisoma hapa na wanafunzi wa kwanza kabisa, shule ikiwa madarasa mawili ya udongo. Serikali ilileta walimu na saruji kidogo, matofali wakachoma wanafunzi wenyewe. Akaenda chuo cha ualimu, akarudi, hakuondoka tena. Mimi si nafundisha Historia? Basi kila kidato cha kwanza kikiingia nilikuwa namwita awaeleze watoto habari za shule yao. Anawazungusha majengo yote, akifika maktaba anaupiga ukuta kofi, "Haya matofali nimechoma mimi!" Mimi niko nyuma yake, "Muongo huyo, watoto. Wangoni hawajawahi kuchoma kitu zaidi ya mahindi." Naye bila hata kugeuka, "Msimsikilize Myao huyo. Babu zake tuliwashika kirahisi, walikuwa hawajui kukimbia." "Nyie mlitembea kutoka kusini huko, miguu ikavimba, mkaishia Songea!" Watoto wanacheka mpaka wanakaa chini. Wale waliotoka mikoa ya mbali siku ya kwanza hudhani tunagombana kweli. Mmoja aliwahi kukimbia kumwita mkuu wa shule.

Kwenye hesabu na fizikia shule yetu si ya kujisifu, mama. Maabara tunayo, vifaa ndivyo vya kugombania. Kiswahili na Historia tunajitahidi. Lakini kwenye mbio na ngoma, loh, mkoa mzima ulikuwa unatuogopa. Asubuhi na mapema Mwalimu Gama anawatoa watoto getini, mbio mpaka chini ya milima ya Matogoro na kurudi. Jioni hao hao anawapanga kwenye lizombe, ile ngoma yao ya Kingoni, ngoma zinalia mpaka chai inatikisika mezani ofisini. Ukimuuliza kwa nini anawatesa watoto, atakwambia mtoto asiyejua kucheza lizombe hawezi kupanda mlima, maana hajui pumzi aiweke wapi. Nikamwambia hiyo ni sayansi ya Kingoni. Akasema ndiyo, na ndiyo maana Myao hataielewa.

Sasa sikia yaliyotokea. Mvua za masika zilipoisha alianza kupungua. Traksuti yake ya bluu ikawa inamning'inia. Nikamwambia, "Mngoni, mkeo amekunyima ugali?" Tulikuwa kwenye chai, walimu wote wapo. Akasema, "Myao, mwaka huu utanizika. Jiandae kabisa, usije ukaniaibisha mbele ya ndugu zangu." Ofisi nzima ikaangua kicheko. Nikamjibu, "Nitakuzika kichwa chini, usipate njia ya kurudi." Akacheka mpaka akakohoa, akashika meza. Na kile kikohozi nacho tukakicheka.

Aliyarudia maneno hayo mara nyingi. Mama, utani unaujua kuliko mimi. Kwa mtani wako huumwi, huna njaa, kila unalosema ni la kucheka. Angemwambia mwalimu wa Kemia, ambaye si mtani wake, yule angeshtuka, angemuuliza, pengine angemshika mkono ampeleke hospitali. Aliniambia mimi, mchana kweupe, mbele ya watu, na hakuna hata mmoja aliyesikia. Nafikiri alitaka tujue na hakutaka tumwonee huruma. Nimelia sana kwa hilo.

Alifia hospitali wiki ile ile tuliyofunga shule. Begi langu lilikuwa limeshafungwa, liko mlangoni. Badala ya basi akaja kaka yake Mwalimu Gama, mzee mmoja mrefu, kofia mkononi. Nikamwamkia, akakataa kukaa.

"Binti," akasema, "sisi watani tunao wengi, lakini marehemu alimtaja mtu. Alisema amzike Myao wake wa Historia."

"Baba, mimi siwezi. Nitalia."

"Alisema na hilo. Alisema ukilia atapata aibu huko aliko."

Mama, nilikuona ukiifanya kazi hiyo ya mtani msibani nilipokuwa mdogo. Ulivaa koti la marehemu, ukatembea kwa kuchechemea kama yeye, ukawadai wafiwa kuku, na wajane waliokuwa hawajala wakacheka, kisha wakala. Nilidhani ni mchezo wa watu wazima. Sikujua kwamba nawe pengine ulikuwa unampenda yule mtu. Ningekupigia unifundishe, lakini nilijua nikisikia sauti yako tu nitamaliza machozi yote kwenye simu.

Nikaenda Matogoro, nyumbani kwake. Jamani, watu! Wanafunzi wake wa miaka yote, wengine wana mvi, wengine wamebeba wajukuu. Kwaya ya kanisani inaimba, padri ameshafika. Mkewe, Mama Vero, alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, hatazami mtu, uji wake umepoa pembeni. Wakaniambia tangu jana hajatia kitu mdomoni. Nikaingia chumbani kwao, nikachukua traksuti ya bluu, nikavaa juu ya gauni langu. Nikavaa kofia yake. Filimbi yake nikaitundika shingoni. Vyote vilikuwa na harufu yake, mama, ya sabuni ya mche na tumbaku. Nilisimama pale nyuma ya mlango nikamwomba Mungu anipe uso mkavu.

Kisha nikatoka nikaipuliza ile filimbi. Wallahi watu waliruka! Wazee wazima, wenye suti zao, wakanyooka kama wako mstarini. Nikatembea kama yeye, kifua mbele, mikono nyuma. "Nani amewaambia mkae? Makalio yenu yameota mizizi! Mpaka mlimani na kurudi, wa mwisho anafagia choo!" Kicheko cha kwanza kilitoka nyuma, kwa vijana. Nikalifuata jeneza, nikalizuia lisitoke. Nikasema huyu Mngoni haendi popote mpaka nipewe jogoo, maana ametembea kutoka kusini na sasa anataka kubebwa, mvivu mkubwa! Wangoni wakapiga makofi. Nikamgeukia Mama Vero, nikamwambia, "Wewe nawe ulimpendea nini mtu mwenye miguu kama michi?" Akaniangalia. Akasema, "Alikuwa anakimbia vizuri." Akacheka, mama. Alicheka huku machozi yanamshuka, na mwanamke mmoja akamsogezea uji akaunywa. Nikasema moyoni, basi, nimeweza.

Tukafika makaburini. Padri akamaliza sala zake. Kabla ya kumshusha, kaka yake akanipungia mkono nimalizie. Nikasimama ukingoni, na hiyo traksuti, nikamwita kwa sauti kama ninavyomwita kila siku ofisini: "Mngoni! Chimbeni kaburi la wima, aingie kichwa chini! Akipata njia atarudi kutuchezea lizombe!"

Watu wakacheka. Na mimi nikanyamaza, nikasubiri.

Mama, sikujua kama nasubiri. Ni mazoea tu, nikirusha kijembe changu namwachia nafasi arushe chake. Tumefanya hivyo kila siku ya kazi tangu nilipopangiwa shule hii, ni mwalimu mpya, sina ndugu, nalilia nyumbani Namasakata, na yeye akawa mtu wa kwanza kunitukana na kunifanya nijione niko kwetu. Nikasubiri anijibu. Nikasubiri mpaka watu wakaacha kucheka wakaanza kunitazama. Ndipo nikajua kwamba amekufa. Siku zote hizo nilikuwa nimeambiwa tu.

Nikalia, mama. Nilimwaibisha. Nilikaa kwenye udongo na traksuti yake nikalia kwa Kiyao mbele ya Wangoni wote. Yule mzee akaja akanishika bega, akawaashiria wenzake wamshushe.

Shule imefunguliwa sasa. Mkuu wa shule ameniita akasema michezo na ngoma nichukue mimi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa naye karibu. Ngoma ziko stoo, ufunguo ninao. Lizombe sijui hata mguu upi unaanza. Wakubwa wa kidato cha nne wamesema watanionyesha wao, na jioni tunajaribu. Ingekuwa yupo, Myao anafundisha lizombe, angenicheka mpaka tufunge shule.

Nitakuja likizo ndefu, inshaallah. Nisalimie shangazi Mwanahawa, mkunga wetu, mwambie dawa ya kikohozi ilinisaidia. Msalimie baba mdogo Issa, ajifunge kitambaa puani anapopuliza salfa, asijifanye kijana. Na bibi Asumini, jirani aliyekupikia ulipoumwa, mpe shikamoo zangu nyingi. Mama Vero naye anakusalimu. Ameuliza nani alinifundisha kazi ile, nikamwambia ni mama yangu.

Ila nina ombi moja. Bibi Asumini ana asili ya Kingoni, namjua, atanipokea stendi na maneno yake. Mwambie safari hii anisamehe. Aniulize tu kama nimefika salama.

Mwanao anayekupenda,

Somoe