Nyaya za Plagi Kwenye Kamba ya Nguo

Shangazi mpendwa, nakuandikia nikiwa nimejifungia stoo maana sebuleni hakukaliki, na nakuomba usinitaje jina hewani kwa sababu mke wangu husikiliza kipindi chako kila asubuhi akipiga pasi. Yeye ni dobi, anafulia hoteli na saluni, na gari letu kuukuu ndilo linalokusanya nguo na kuzirudisha, mimi kiwanda kilipofungwa nikabaki nyumbani, nikasema basi angalau gari litakuwa kazi yangu, nitaliangalia mwenyewe, fundi wa nini, na neno hilo Shangazi nililitamka mbele ya shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye fundi mwenyewe, nikamwambia kushika spana hakuhitaji akili nyingi, hata mimi naweza, naye akacheka tu akaendelea na chai yake.

Sasa gari likaanza kumisi, yaani injini inatetemeka kama ina homa, ukipanda mlima inakohoa na nguvu hakuna, mke wangu akasema tumwite kaka, nikasema niachie mimi. Nikalaumu mafuta, nikabadili kituo, wapi. Nikamlaumu mke wangu kwamba anajaza mabegi kupita kiasi. Mwisho nikafungua boneti nikakuta nyaya nne za plagi zimeganda uchafu, na kwetu Shangazi kitu kikileta ukorofi kinafuliwa, ndivyo tulivyozoea, basi nikazing'oa zote nne kwa mpigo, nikaziloweka kwenye beseni la sabuni, nikazisuuza, nikazianika kwenye kamba kwa vibanio, zikapendeza kweli, zilipokauka nikazirudisha kwa urefu, fupi mbele ndefu nyuma, kama watoto wa shule mstarini.

Nikawasha. Shangazi, lililia kama bomu! Silensa ilitema moshi na masizi meusi ti, na nyuma ya gari, haki ya Mungu sikuangalia, palikuwa pameanikwa vitambaa vyeupe vya meza vya hoteli, vinasubiriwa harusini. Mama mkwe, ambaye hutupokelea wateja, alikuwa barazani, akapiga ukelele, "Tumekwisha!" Mke wangu alivianua kimoja kimoja akavirudisha kwenye beseni akaanza upya, na afadhali angenitukana. Tangu siku hiyo anapeleka nguo kwa mkokoteni, nasikia magurudumu yakilia akinipita dirishani, na amesema Jumamosi kaka yake anakuja kulivuta gari, na nikitaka nipande humo humo niende nalo. Nifanyeje lipone kabla ya Jumamosi nisiaibike mbele ya shemeji? Nampenda mke wangu, na sina kitu kingine cha kumfanyia.

Mimi, Fundi wa Nyumbani.

*

Fundi wa Nyumbani, cheo umejipa mwenyewe, mimi simo.

Jina lako sijalitaja. Lakini baba, ni nani mwingine mji mzima huu ameanika nyaya za gari kwa vibanio? Mkeo ameshaweka pasi chini.

Nimecheka mpaka mtangazaji akanizimia maikrofoni. Hata hivyo pole, na pole hiyo inatoka moyoni, maana kukaa bila kazi kunauma, na mtu aliyekosa pa kushika hushika hata pasipomhusu. Huruma yangu inaishia hapo. Umharibie mkeo gari, umpake masizi kwenye nguo za wateja, kisha unaloniuliza ni jinsi ya kukwepa aibu? Hebu!

Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori, mito yangu ilinuka mafuta ndoa nzima, kwa hiyo nisikilize. Gari lako lilikuwa na ugonjwa mmoja, wewe ukaliongezea wa pili. Kila waya una silinda yake, na moto hupelekwa kwa zamu. Ulipozipanga kwa urefu, ulipeleka moto kwa asiye na zamu, ndiyo maana likalipuka. Waya unang'olewa mmoja, unarudishwa pale pale, ndipo unagusa mwingine. Na hazifuliwi! Zinafutwa kwa kitambaa kikavu.

Shemeji akishazipanga sawa, naam, shemeji, usinikatize, tazama atakavyomtafuta yule mgonjwa wa kwanza. Ataacha injini iungurume polepole, atachukua koleo lenye mpini wa mpira, si vidole, usije ukaniandikia barua ya pili kutoka wodini, achomoe waya mmoja. Injini ikiyumba, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi, anaurudisha. Anakwenda wa pili, wa tatu. Akichomoa waya na injini isishtuke hata kidogo, basi aliyelala ni huyo.

Sasa tuipime nyumba yako kwa koleo hilo hilo. Mchomoe mkeo siku moja: hakuliki. Mchomoe mama mkwe: hakuna wa kupokea wateja mkeo akiwa njiani. Haya, nikuchomoe wewe. Umejifungia stoo kuniandikia kurasa zote hizi. Kuna aliyekuja kugonga mlango?

Usinune. Silinda iliyolala haitupwi. Inafunguliwa plagi, inatazamwa, inasuguliwa masizi, ikikataa inabadilishwa, na gari zima linapanda mlima. Mara nyingi ni kitu kidogo hicho tu. Chako ni lile neno ulilomtupia shemeji akinywa chai yake, ndilo limekuziba. Usingoje Jumamosi. Mfuate gereji leo, kwa miguu, umwambie, "Shemeji, nilikosa adabu, na gari limenishinda. Nifundishe." Akicheka, cheka naye. Umelipa.

Halafu unaniambia huna kitu kingine cha kumfanyia mkeo, na mkokoteni unapita dirishani kwako kila siku ukilia! Toka stoo ukausukume. Hauna plagi, huwezi kuuharibu.

Nawe dada mwenye pasi, najua unanisikia. Atakapokuja kukupokea mkokoteni, usimpe hotuba. Mwachie mpini.