Mbuzi wa Mwende Wanisubiri

Stuttgart, Jumapili

Mdogo wangu Mutinda,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo nyumbani. Mama anafika kanisani siku hizi, au goti bado linamzuia? Mahindi ya mteremkoni yamebeba? Mimi ni mzima, ila baridi ya Ujerumani imenikaa mabegani.

Nikueleze kwanza kilichonizuia kuja nyumbani. Tunatengeneza vituo vya kupima hali ya hewa. Kituo hulala ili kisimalize betri, kisha huamka, hupima, hulala tena. Mimi naandika draiva, yaani programu ndogo inayosimamia kifaa kimoja, na changu ni kipima mvua. Kikawa kikilala hakiamki. Bosi akasema hakuna likizo mpaka kiamke.

Ndipo binti yangu Mwende akanipigia kuhusu posa ya Kioko.

"Baba, usijisumbue. Anko ashaongea na kina Kioko. Atapokea mbuzi wa ntheo, wa kuhalalisha ndoa yangu, badala yako. Hata suti ameshonesha."

"Suti?"

"Ya kijivu. Imemkaa, Baba."

Mutinda, nakuonea wivu, na sioni haja ya kuuficha. Nikipiga simu nakusikia ukicheka mezani kwangu. Mwende akiumwa anakuita wewe. Sasa wakwe zangu wamezoea sura yako kabla ya kuiona yangu.

Hitilafu nimeipata juzi. Kipima mvua huongea kupitia saketi inayokibeba. Tuiite mzazi wake. Nilikuwa namlaza mzazi kwanza, kwa hiyo amri ya mtoto kulala haikuwa na wa kuifikisha, naye akabaki amechanganyikiwa. Inatakiwa mtoto alale kwanza, mzazi awe wa mwisho. Wakati wa kuamka, mzazi atangulie ndipo amwamshe mtoto. Nimepanga upya, kinaamka kila mara, na likizo nimepewa.

Basi usipokee hao mbuzi. Waambie kina Kioko wasogeze siku hadi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Najua umeshawatangazia wazee, na utaona aibu kidogo. Ione tu. Suti uivae, sikunyimi, lakini utakaa nyuma yangu. Mgeni akiuliza baba wa msichana ni yupi, usikohoe wala kutabasamu. Ninyooshee kidole.

Nisalimie Mama, na shemeji yako, mke wangu. Mwambie nimegundua kuwa habari za suti alizijua akaninyamazia. Msalimie pia mkeo, aliyekuchagulia kitambaa.

Ni mimi kaka yako mkubwa, baba yake Mwende,

Kyalo