Swali la Sita kwenye Fomu ya Bunduki

Jumamosi, 7 Juni
Siku ya tatu kulinda mahindi. Likizo imeanza juzi tu na tayari nimechoka kuliko wakati wa mitihani. Biolojia nimesoma kurasa nne. Nyani wamekula mistari miwili.

Mjomba Mkude alifyatua mara moja. Bunduki yake inameza risasi moja tu. Ukishapiga unashusha wenzo, unatoa ganda, unaweka nyingine. Nyani wa hapa kijijini Kinole wanalijua hilo. Wakisikia mlio wanakimbia hadi ukingo wa msitu, wanageuka, wanarudi Mjomba akiwa bado anapapasa mfukoni. Leo hakuwa na cha kupapasa. Imebaki risasi moja nyumbani, na madukani aina ile haipo tangu sijazaliwa.

Jumatatu, 9 Juni
Mjomba amepeleka bunduki Bigwa, kwa fundi anayechomelea mageti. Kaifunga kwenye gunia pamoja na mkungu wa ndizi. Fundi atapanua mtutu ili umeze risasi za marisau, zile za vipunje vingi zinazopatikana mjini.

Ilikuwa bunduki ya jeshi la Waingereza. Ikazeeka, ikauzwa kwa wakulima. Aliyeinunua ni mjomba wa Mjomba Mkude. Kwetu Waluguru mali ya namna hiyo haiendi kwa watoto wa mwanamume, inaenda kwa watoto wa dada yake. Mjomba ana dada mmoja, mama yangu. Mama ana mtoto mmoja, mimi. Kwa hiyo siku moja itakuwa yangu. Siitaki. Sijamwambia mtu.

Nilisoma kitabu chake cha leseni. Aina ya bunduki na risasi zake vimeandikwa humo. Nilimwambia kwamba kabla ya kubadilisha ni lazima polisi wajue. Alikuwa anawasha pikipiki, hakusikia. Sikurudia. Najichukia.

Alhamisi, 12 Juni
Imerudi. Nilimwomba aijaribu kwanza kwa kuifunga kwenye mti na kuvuta kifyatulio kwa kamba ndefu. Nilishasoma mahali kwamba ndivyo inavyofanywa. Watu waliokuja kutazama walicheka.

"Bunduki ya mjomba wangu niifunge kamba kama mbuzi? Mwalimu, wewe kaa na vitabu vyako."

Huniita Mwalimu mbele ya watu.

Nilijificha nyuma ya jiko. Mlio mkubwa. Nyani wakapotea, vigelegele vikapigwa. Risasi ya pili ilitoa moshi pembeni, karibu na jicho lake. Nyusi zimeungua.

"Imenibusu tu."

Alicheka peke yake. Mama hakucheka.

Jumapili, 15 Juni
Leseni inaisha mwisho wa mwezi. Fomu najaza mimi, macho ya Mjomba hayaoni tena maandishi madogo. Nilimsomea swali la sita: je, silaha imefanyiwa mabadiliko yoyote?

"Andika hapana, twende mbele."

Nilisema nitamalizia kesho.

Jumatatu, 16 Juni
Sijamalizia. Nikiandika ndiyo, wataichukua, mahindi yataliwa, na ukoo utasema bunduki imepotea kwa mkono wangu. Nikiandika hapana, atapiga tena, na safari ijayo moshi ule utalikuta jicho. Kichwa kinauma. Laiti ningekuwa mtu wa kusema.

Jumatano, 18 Juni
Niliandika ndiyo. Mjomba aliweka sahihi bila kuuliza. Kutoka Kinole hadi mjini ni safari ndefu. Sikufungua mdomo.

Kituoni askari alisoma kwa sauti.

"Mzee, hapa umesema imebadilishwa. Imebadilishwa nini?"

Mjomba alinigeukia mimi, si askari. Alinitazama. Kisha akasema, "Kama imeandikwa, ndivyo." Hakunitaja. Akaambiwa itabaki pale ikaguliwe, akapewa karatasi. Aliikunja mara nne.

Niliandika ukweli kwa woga, bila kumwambia. Hicho ndicho kinachoniuma, si ukweli wenyewe.

Jumapili, 22 Juni
Nyani. Nusu ya shamba la juu imekwenda. Mimi na Mama tulipiga madebe mpaka mikono ikafa ganzi. Wanatutazama huku wanatafuna.

Jirani yetu Mama Zuhura alipita njiani na wenzake. "Msomi wenu kawaandikia nyani kibali!" Wote walicheka, hata mimi kidogo. Kisha nikaenda kulia chooni.

Mjomba anaitikia shikamoo yangu. Zaidi ya hapo, hakuna.

Ijumaa, 27 Juni
Polisi walipiga simu. Haitarudi. Mtutu umepanuliwa hadi chuma chake kimekuwa chembamba, hauwezi kustahimili risasi yoyote. Barua inakuja.

Nilidhani nitafurahi kwamba sikukosea. Sikufurahi. Mjomba alisema, "Asante, afande," akakata simu, akaenda kunoa panga.

Jumatano, 2 Julai
Debe. Debe. Debe. Sina la kuandika.

Jumamosi, 5 Julai
Tumeanza kuvuna, hata yale ambayo hayajakauka vizuri. Bora tuyale sisi.

Saa nne Mjomba alikuja shambani na barua. Alikaa chini karibu yangu, kwenye mabua.

"Soma. Yote."

Nilisoma yote, mpaka maneno ya kwenye mhuri. Palipoandikwa "itateketezwa" alinisimamisha.

"Wataichoma?"

"Wataiyeyusha, Mjomba. Naona ndivyo."

Alitoa punje moja ya hindi kwa kidole gumba, akaitazama, akaitupa.

"Ungeniambia."

"Ndiyo, Mjomba."

"Ningekukatalia."

"Najua."

"Hata hivyo ungeniambia."

Niliomba radhi. Safari hii nilihakikisha amesikia. Aliitikia kwa kichwa, akainuka, akashika mstari wake. Nikashika wa pembeni. Tulivunja mahindi mpaka saa kumi, bila haraka.