Kurasa Nilizoziruka

Mtinko

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Sisi wazima. Alizeti tumeshavuna, na mjomba wako ameng'oa jino, sasa anakunywa uji kama mtoto.

Umesema huko chuoni wewe na wenzako wapenda riwaya mnabishana juu ya neno tamu kuliko yote, ukaniuliza langu. Langu ni "halafu".

Nilipokuwa msichana nilimsomea riwaya bibi yangu mzaa mama. Hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani tu. Nilisoma ukurasa, nikamweleza kwa Kinyaturu, huku yeye akichambua mtama kwenye ungo. Nikinyamaza anasema, "Halafu?"

Siku moja nikaona mbele kitabuni kuna mtoto anayekufa. Bibi alikuwa amezika wawili. Nikafunua kurasa kadhaa kwa pamoja, nikaendelea na harusi.

Mikono yake ikasimama. "Umefunua nyingi. Rudi."

"Bibi, pale si pazuri."

"Nimekwambia rudi."

Nikarudi, nikasoma mazishi yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa uani.

"Halafu?"

Umeniandikia kwamba riwaya uliyonayo umeifunga pale mama wa kwenye hadithi anapofariki, na hutaki kuendelea. Sikulazimishi. Ila mimi sijaisoma, na ulinisimulia mpaka hapo ukaniacha.

Halafu?

Bibi yako