Kuku Aliyepitishwa Pugu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Mgeta hatujambo, na mama yako mdogo anavuna njegere.

Umeniuliza kama hiyo stesheni ya Pugu, unakopandia treni ya kwenda kazini mjini, naijua. Naijua kwa sababu ya kuku.

Dada yangu aliolewa huko. Alipojifungua mtoto wa kwanza, mama alinipa kuku wa supu ya mzazi, nikashuka na lori la mboga hadi stesheni ya Morogoro. Siku hizo ulimkabidhi mzigo abiria yeyote mwenye sura ya utu, ukamtajia jina la mpokeaji na stesheni, basi. Nikamchagua mama mmoja wa makamo aliyekuwa akishukia huko huko Pugu.

Treni ikapita Pugu yeye kasinzia, kuku mapajani, mpaka Dar. Mume wa dada, aliyekuwa akingoja stesheni, akarudi nyumbani mikono mitupu. Mimi nikasemwa siku mbili kwamba nimempa kuku mwizi.

Siku ya tatu habari ikatufikia. Yule mama alipanda treni ya kurudi, akamfikisha kuku, pamoja na yai alilotaga njiani, kalifunga kwenye pindo la khanga. Akamwambia dada, "Nisamehe, mwanangu. Nilitoka kuuguza, na sikumwambia mtu nashukia wapi ili aniamshe."

Unasema katika treni yenu hakuna anayemjua mwenzie. Kesho ukimwona jirani yako anaanza kusinzia, muulize anashukia wapi.

Bibi yako, mtuma kuku yule yule